Kuchagua intaneti ya nyumbani Lamu: anza na kuta zako

Mwaka jana binti yangu alikuwa akisoma kozi ya uhasibu kwa njia ya mtandao. Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale, na chumba alichokichagua ni kile cha mwisho kabisa, tunachokiita ndani, kwa sababu kelele za punda na watu wa kichochoroni hazifiki huko. Kila jioni mwalimu wake alikuwa akikwama katikati ya maneno, mdomo wazi. Nikaipigia simu kampuni niliyokuwa nikiilipa. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza kwa adabu, kisha akanishauri nihamie kifurushi cha juu. Nikahamia. Nikawa nalipa karibu mara mbili, na mwalimu akaendelea kukwama vile vile.

Mpwa wangu ni fundi wa kompyuta Langoni. Siku moja akaja na kipande cha waya mfukoni. Ruta ilikuwa pale ilipoachwa na mafundi wa kampuni, tekani, nyuma tu ya mlango wa nje. Akaunganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, akapima: megabiti 19 kwa sekunde. Akachomoa waya, akapima kwa waifai akiwa amesimama pale pale: 17. Akaingia kiwandani, yaani ua wa katikati ya nyumba: 9. Msana, chumba kirefu kinachofuata: 4. Ndani, kwenye kiti cha binti yangu: 1.2, na kipimo chenyewe kilikatika mara mbili kabla ya kumaliza.

"Mjomba, intaneti munayo," akasema. "Haipiti tu."

Miezi mitatu nimelipia kasi iliyokuwa ikiishia ukutani. Ndiyo maana mtu akinisimamisha Mkunguni baada ya alasiri akaniuliza kampuni gani ndiyo nzuri, mimi humuuliza kwanza nyumba yake iko mtaa gani, na ruta ataiweka wapi. Simkwepi. Kampuni inayosifiwa mtaa wetu wa Kashmir huenda isishike vizuri vichochoro vitatu mbele yake. Intaneti inafika mkononi mwako kwa safari ya vipande vinne: kutoka simu yako hadi ruta, kutoka ruta hadi mnara, nguzo au setilaiti, kutoka kisiwani hadi Mombasa, na kutoka Mombasa kupita chini ya bahari hadi ng'ambo. Kasi unayoiona ni ya kile kipande chembamba kuliko vyote. Ukipanua vingine ukakiacha hicho, umetoa pesa bure.

Ukuta wa dhiraa moja

Nyumba ya kale ya Lamu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hufika unene wa dhiraa moja, pengine na zaidi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti ya mkoko. Na vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: daka (kibaraza cha mlangoni), tekani, kiwanda, msana, ndani. Wazee walipanga hivyo makusudi, ili mpita njia asimuone aliye ndani, na kila ukuta uongeze sitara. Mpango huo huo unaozuia jicho unazuia na mawimbi ya waifai. Ruta ikiwa tekani, mawimbi yanapaswa kutoboa ukuta baada ya ukuta, na jiwe la matumbawe ni zito na hushika unyevu. Nyumba ya bloku nyembamba mtaa wa Wiyoni haina shida hii kwa kiwango hiki, kwa hiyo ushauri wa mtu wa huko huenda usikufae wewe wa Mkomani.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na mara nyingi utaona majina mawili ya waifai. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini hufa haraka yakikutana na ukuta. Ya 2.4 ni ya polepole zaidi, lakini hupenya mbali. Kwa hiyo ukikaa chumba kimoja na ruta, tumia 5. Ukiwa vyumba viwili nyuma, jaribu 2.4 kabla ya kulaumu mtu.

Dawa ya kweli ni waya. Mpwa wangu alipitisha waya wa mtandao juu, ukifuata boriti, kutoka tekani hadi msana, akafunga hapo kifaa cha pili cha kutoa waifai. Hakutoboa ukuta hata mmoja, waya ulipita juu ya milango. Gharama yote, kifaa na waya, ilikuwa pungufu ya nyongeza niliyokuwa nimeilipa kwa miezi ile mitatu. Ndani tukapata 16. Nikarudi kwenye kifurushi cha zamani, na binti akamaliza kozi kwa kifurushi hicho.

Kuna vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyonasa waifai na kuirusha tena mbele. Watu wanavipenda kwa kuwa havihitaji waya. Shida ni kwamba kifaa hicho hurusha kile kilichokipokea, na ukikiweka mahali ambapo mawimbi tayari yamechoka, kitarusha uchovu huo huo. Kiweke nusu ya njia, karibu na kiwanda palipo wazi, si ndani ya chumba chenye shida. Hata hivyo mimi nitachagua waya.

Jambo moja zaidi kwa walio ndani ya Mji wa Kale. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kabla fundi hajatoboa ukuta wa mbele au kufunga nguzo ya chuma darini, pita kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa uulize. Nimeona tundu lililotobolewa kwa pupa likaingiza maji ya masika ukutani, na chokaa ikaanza kubanduka upande wa pili.

Njia za kutoka nje ya nyumba

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ikiwa inafika kwenye mlango wako na ina fundi wa karibu, ichukue na usijisumbue na mengine. Kioo hakishiki kutu kwa chumvi ya bahari kama shaba, mvua haiipunguzi nguvu, na kasi ya kupakia, yaani ya kupeleka vitu mtandaoni, huwa nzuri. Bei nazo zimekuwa zikisogea kwa faida ya mteja: Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kasi za faiba yake, kifurushi cha shilingi 2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15, na kile cha 30 kikawa shilingi 4,100. Swali la kumbana wakala ni la mtaa na mlango. "Lamu tupo" si jibu. Mwambie aje asimame kichochoroni kwako, akuonyeshe kisanduku cha karibu kiko kwenye ukuta wa nani, na waya utapita wapi hadi kwako. Uzi huo haupendi kukunjwa kwa kona kali, na vichochoro vyetu vyote ni kona. Ukishafungwa, waonyeshe wajenzi wako ulipopita.

Wengi wetu tutabaki na ya pili, yaani ruta inayotumia laini ya simu, 4G au 5G. Ni rahisi kuianza: unanunua ruta, unaiwasha, basi. Hapa ndipo penye mengi ya kueleza, kwa sababu hapa ndipo watu wa Lamu wanapopoteza pesa.

Mnara wa simu ni wa wote. Kasi yake inagawanywa kwa kila aliye chini yake wakati huo. Wakati wa Maulidi, wageni wakijaa mjini, simu ile ile kwenye kiti kile kile huwa nzito, na mnara haujaharibika, umezidiwa. Kila siku kuna Maulidi ndogo ya namna hiyo, kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wametoka Isha, wamekula, kila mmoja na simu yake. Wakala atakuja kukupimia saa nne asubuhi, watu wako kazini na watoto shuleni, na atakuonyesha nambari nzuri. Nambari hiyo ni ya kweli, ila hutaishi nayo.

Kuna kasi na kuna nguvu ya mawimbi, na ni mambo mawili. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, au pakua programu ya simu ya kupimia mawimbi, utafute herufi RSRP, ndicho kipimo cha nguvu ya mawimbi. Mbele yake kuna nambari yenye alama ya kutoa, kama −85 au −112. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Mimi huichukua −90 kuwa nzuri, na ikishuka chini ya −110 najua kuna shida. Tena nambari hizi hazipandi moja moja kama bei sokoni: kila tofauti ya 10 ni nguvu mara kumi. Kutoka −85 hadi −115 nguvu imepungua mara elfu moja. Ndiyo maana kuihamisha ruta kutoka chini kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, hadi kwenye dirisha la darini, upande unaoelekea mnara, kunaweza kubadilisha maisha ya nyumba nzima bila kuongeza shilingi.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Nguvu ikiwa nzuri na kasi mbaya usiku tu, mnara umejaa. Jaribu kampuni nyingine yenye mnara mwingine. Nguvu ikiwa mbaya mchana na usiku, shida ni mahali ruta ilipo au ukuta. Ihamishe, au funga antena ya nje darini. Ukifunga ya nje, mwambie fundi azibe viungio vyote vya waya kwa tepu ya mpira isiyopitisha maji. Upepo wa kusi hubeba chumvi, na kiungio kilichoachwa wazi nimekiona kikiota kijani kabla ya mwaka kuisha. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua ruta mpya mara mbili.

Ya tatu ni antena ya paa kwa paa: kampuni inaweka antena kubwa mahali pa juu, nawe unawekewa ndogo inayoitazama. Inafanya kazi vizuri mradi zinaonana. Mnazi ukikua katikati, au jirani akiongeza ghorofa, umekatika. Ndani ya aina hii naingiza na waifai ya mtaani, ile ya kununua vocha ya saa au ya siku kutoka kwa kijana wa mtaa. Kwa mtu wa matumizi madogo ni msaada mkubwa. Muulize tu kama ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au anauza chini ya kampuni yenye leseni, kwa sababu asiye nayo akizimwa, vocha yako inazimwa naye.

Halafu setilaiti, ambayo watu wa vijiji kama Siyu, Faza, Kizingitini na Kipungani wanaiulizia zaidi kuliko sisi wa mjini. Setilaiti za zamani, kama za televisheni, zimetulia mahali pamoja juu ya Ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo zile zilizo usawa wetu ziko karibu utosini. Ukitumia setilaiti ya namna hiyo kwa intaneti, swali lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: kilomita kama 143,000. Mwanga wenyewe unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, basi karibu nusu sekunde imekwisha kabla hujasikia "naam" ya mwenzako. Kenya nzima ilitegemea setilaiti kama hizo kwa mawasiliano ya nje hadi 2009, na aliyepiga simu za ng'ambo miaka ile anakumbuka kule kukanyagana maneno.

Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, inapita chini sana, kilomita 550 hivi. Safari ile ile hesabu yake ni milisekunde 7 tu, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Zikiongezwa za ardhini bado mazungumzo yanakwenda kama kawaida. Lakini setilaiti hizo hazitulii, zinapita, na dishi linahamia kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo linahitaji anga wazi, wala halitosheki na tundu moja la mbingu. Kwenye kiwanda cha nyumba ya ghorofa mbili utaona anga kama mfuko, na simu zitakuwa zikikatika kila baada ya muda mfupi. Mahali pake ni darini, juu ya kimo cha ukuta wa jirani na mbali na makuti. Programu yao ina sehemu ya kuelekeza kamera ya simu mbinguni ikakuonyesha nini kinaziba. Ifanye kabla ya kununua.

Nayo hujaa. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Na inakula umeme. Dishi la kawaida hutumia wati 75 hadi 100. Chukua 75 kwa saa 24: ni yuniti 1.8 kwa siku, 54 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni zako, uongeze kwenye ada ya mwezi. Lile dogo liitwalo Mini hutumia wati 25 hadi 40, na kwa nyumba inayoendeshwa na jua Kizingitini tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Ruta ya kawaida ya simu hutumia wati kumi hivi.

Umeme nao ni sehemu ya uchaguzi huu. Stima ikikatika, ruta inazima papo hapo, hata kama faiba na mnara viko hai. Betri ndogo ya ruta, ya volti 12, itakubeba saa kadhaa, na ni katika vitu vya bei ndogo vyenye faida kubwa. Minara ina betri zake, lakini si za milele. Siku stima ikikaa nje kwa muda mrefu, tazama simu zako: laini ipi imekufa kwanza? Andika. Hakuna wakala atakayekwambia hilo.

Baharini

Kipande cha mwisho hukichagui, lakini ukikijua hutamgombeza mtu asiye na kosa. Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari uitwao TEAMS, kati ya Mombasa na Fujairah kule Falme za Kiarabu, na waya wa SEACOM zilifika Mombasa; EASSy ikafuata 2010, na nyingine baadaye. Karibu kila unachokitazama kinapita kwenye mojawapo ya nyaya hizo. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Mombasa na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Miezi michache kabla yake nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Siku zile nilikutana na watu waliokuwa wakihama kampuni kwa hasira. Wakahamia kampuni iliyokuwa ikilia kilio kile kile.

Mwenye kazi isiyoweza kusimama, kama daktari anayezungumza na wagonjwa kwa video au mwenye nyumba ya wageni Shela anayepokea malipo kwa mtandao, anahitaji njia mbili, na ziwe mbili kweli. Faiba nyumbani na bando la kampuni nyingine kwenye simu ni mwanzo mzuri. Laini mbili za kampuni mbili zilizofungwa kwenye mnara mmoja huenda zikazima pamoja. Uliza mnara unaokuhudumia uko wapi na wa pili uko wapi.

Kasi kiasi gani, na "bila kikomo" ni nini

Kasi inatangazwa kwa megabiti, faili zinapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, kinakupa megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la gigabaiti moja litachukua zaidi ya dakika 13. Hujaibiwa.

Simu ya video ya Zoom ya watu wawili, picha safi, inahitaji kama megabiti 1.2 kwenda na 1.2 kurudi. Filamu ya Netflix ya ubora wa juu wa kawaida inaomba 5. Familia ya watu watano, mmoja darasani, wawili kwenye filamu, wengine kwenye simu, inakaa vizuri na 15 za kweli. Ninasema za kweli kwa sababu tangazo huandika "hadi 15", na hilo "hadi" lina kazi yake. Uliza pia kasi ya kupakia. Matangazo huandika ya kupakua, lakini ni ya kupakia inayomfanya mwalimu amuone mtoto wako, na inayopeleka picha za fundi seremala kwa mteja wa Mombasa.

Kikomo kina sura mbili. Kuna kifurushi cha kiasi, kama kile cha Starlink cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 kilicholetwa 2024, wakati kile cha kawaida kilikuwa 6,500. Filamu safi hula hadi gigabaiti 3 kwa saa, kwa hiyo 50 ni saa 16 na kidogo. Kwa nyumba yenye watoto ni wikiendi mbili. Kwa mwalimu mstaafu anayesoma magazeti ni mwezi mzima na salio. Sura ya pili ni "bila kikomo" yenye sharti la matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani, hukatwi, unapunguzwa kasi. Nambari mbili uzipate kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha: nitapunguzwa nikifika gigabaiti ngapi, na nitashushwa hadi kasi gani? Kushushwa hadi megabiti 3 kunavumilika. Kushushwa hadi chini ya 1 ni kama kukatwa.

Halati yangu wa Shela aliniita nimchagulie. Mwanawe yuko Muscat na humpigia kila Ijumaa baada ya swala. Mawakala wawili walikuwa wameshampitia, mmoja amemwachia karatasi ya kifurushi cha shilingi elfu nne na ushei. Nikamuuliza anataka nini hasa.

"Mwanangu, mimi sitaki mambo mangi," akasema. "Nataka nikimuona mwanangu, uso usikwame."

Nikapanda naye ghorofani na simu yake. Chini, kwenye kitanda chake cha mchana, tulikuwa −113. Juu, kwenye dirisha la msana, −88. Nikamnunulia bando la wiki na kiti cha ukili chenye mgongo, nikakiweka dirishani. Ijumaa hukaa hapo.

Mkataba na baada yake

Kabla ya kutia sahihi, jua ruta ni ya nani. Nyingine unaikodi na utairudisha. Nyingine ni yako lakini imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine, basi ukihama inabaki kuwa pambo la zidaka. Jua ukihama nyumba inakuwaje. Na muulize fundi wa kurekebisha anakaa wapi. Akiwa hapa mjini au Mokowe, ng'ambo yetu bara, kesho atakuja. Akiwa Mombasa, kuna basi la mchana kutwa na boti juu yake, na utasubiri hadi wapatikane wateja wengine wa kumjazia safari. Mimi niko tayari kulipa mia tano zaidi kwa mwezi kwa kampuni ambayo fundi wake nakutana naye msikitini.

Kukiharibika, andika tarehe, saa na kipimo, upige picha ya skrini. Lalamika kwa kampuni kwanza na uchukue nambari ya malalamiko. Wasipokujibu, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni za kumlinda mteja wa mawasiliano zilitungwa 2010, na mwenye nambari na vipimo mkononi husikilizwa haraka kuliko mwenye kusema "mtandao ni mbaya".

Jirani yangu wa Gadeni alikuwa akitaka kuhama mwezi uliopita. Akaazima laini tatu za kampuni tatu, akapanda darini usiku tatu mfululizo baada ya Isha, na daftari la mtoto. Kampuni aliyokuwa ameikusudia, kwa kuwa kaka yake anaisifu, ilimpa 22 usiku wa kwanza na 3 usiku wa Ijumaa. Ya pili haikufika 5 hata mara moja. Ya tatu, ambayo hakuwa ameifikiria, ilimpa 11, 12 na 11. Ameichukua hiyo, amelipia mwezi mmoja tu kwanza, na ruta ameifunga dirishani darini, waya ukishuka kupitia kiwanda hadi msana wanapokaa watoto.